Njia ya Baiskeli Iliyoniua Nikiwa Naoga

Mwishehe Kondo,
Pugu, Dar es Salaam.

Kwa Ndugu Gibson,
Mwenyekiti, Chama cha Baiskeli za Milimani cha Vumbi Jekundu.

YAH: NJIA YENU YA MZUNGUKO INAYOANZIA KWANGU NA KUISHIA KWANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Amani iwe kwako na kwa magoti yako. Mimi ni yule mzee wa nyumba yenye mkorosho, mnapoegesha magari yenu kila Jumamosi. Mke wangu alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, na sasa naishi peke yangu. Ninaye mtoto mmoja, Nusaiba, anakaa Temeke, na kila Ijumaa hunipigia simu kunieleza kwamba atakuja wiki ijayo. Namtaja mapema kwa sababu na yeye mmemuingiza katika jambo hili.

Mliponiomba ruhusa ya kupitisha njia mlisema ni ya kutazama mandhari ya vilima. Nilikubali kwa moyo mweupe. Leo nalazimika kulalamika kama ifuatavyo:

1. Safari yenu haiendi popote. Gari linabeba baiskeli kutoka Kinondoni, baiskeli inambeba mtu kilomita kumi na mbili, kisha mtu, baiskeli na gari vinakutana tena chini ya mkorosho wangu. Nimewauliza mmefuata nini huko, mkasema hewa. Hewa ipo hata hapa mlipoegesha, na haina mlima.

2. Salamu. Nakiri kwamba mna adabu, kila mmoja akipita anatoa shikamoo. Lakini mnaitoa mkiwa mnateremka. Mpaka mie nimalize kuitikia, aliyeamkia kashapotea kwenye kona, na marahaba yangu inamwangukia wa nne. Mwezi uliopita ilimwangukia mwanachama wenu Mzee Fredrick, ambaye amenizidi miaka minane. Mimi, Mwishehe, nimemuitikia marahaba mtu ninayepaswa kumwamkia! Sikula vizuri siku ile.

3. Hapa ndipo penye kiini cha barua. Wewe ni mtu wa mjini, hivyo nikufahamishe: huku kwetu, ukiona watu kumi na watano wanapita mbiombio kwa mstari mmoja, wamevaa nyeusi, vichwa wameinamisha, hawacheki wala hawasemi, huo ni msiba. Huulizi. Unajifunga kanga, unabeba unga, unafuata. Jirani yangu Zuena aliwaona mkipita kwake Jumamosi iliyopita, na anaapa kwamba wa mwisho alikuwa analia. Mimi sasa najua kwamba kilikuwa kilima tu, ila Zuena angejuaje? Akawakusanya wanawake wa mtaa mzima, wakajitwika kuni na sufuria, wakafuata alama za matairi.

Wamezifuata saa tatu nzima, Ndugu Mwenyekiti. Wamepanda, wameshuka, wamevuka kijito mara mbili wakitafuta nyumba ya wafiwa. Na kwa kuwa njia yenu ni ya mzunguko, alama ziliwaleta moja kwa moja mpaka uani kwangu, zikaishia hapo. Nyie mlikuwa mmeshaondoka. Mlango umefungwa, kimya. Wakaelewa kwamba marehemu ni mimi.

Nilikuwa bafuni nyuma ya nyumba, nina sabuni machoni. Nikasikia kilio kikubwa, nikadhani jirani kapatwa na jambo. Nikajifunga shuka jeupe nililokuwa nalo, nikatoka na povu kichwani nikatoe pole. Zuena ana miaka hamsini na saba. Aliruka ua.

4. Kabla sijatokea, taarifa ilikuwa imeshasambaa kwa simu, na kuizima kulichukua hadi jioni. Kasimiri fundi seremala alishakata mbao za kufunikia kaburi kwa kipimo changu, na anasema mbao hazirudi kuwa mti. Mtani wangu Mashaka, Mnyamwezi wa Tabora, alikuja kutimiza haki ya utani: alivaa kofia yangu, akaiga ninavyokohoa na ninavyonyima watu korosho. Msiba mzima ukacheka. Alipoonyeshwa kwamba ni hai alikataa kuacha, akasema hajatoka kwake Gongo la Mboto kwa ajili ya kukaa kimya.

5. Zuena alishampigia Nusaiba akamwambia, “Mwanangu, jikaze.” Mtoto akafika na kiatu kimoja, uso umevimba. Akanishika mikono, akanishika kichwa, kisha akanigombeza mbele za watu kwa nini sikupokea simu. Akakaa siku tatu. Akafua mapazia, akatupa dawa zangu za zamani, akaniuliza nakula nini nikiwa peke yangu, na jibu langu halikumridhisha. Mtu mzima nimechunguzwa hadi chini ya kitanda. Nani atanilipia fadhaa hiyo?

Kwa hayo yote, naomba chama chako kinyooshe njia hii mara moja. Iishie mbali, kwa mfano Bunju, wakazi wa huko nao waonje kufa. Msipoweza, kila mwendeshaji avae bango mgongoni lisomekalo HATUENDI MSIBANI. Na hilo likishindikana, ifungeni kabisa, nami nitapanda mihogo katikati yake.

Nisalimie wanachama wote, pamoja na yule dada anayeanguka kila wiki kwenye mchanga. Kwa Mzee Fredrick peleka shikamoo yangu, aipokee akiwa amesimama.

Wako katika malalamiko, na bado hai,

Mwishehe Kondo

N.B. Barua hii imelala mezani mwezi mzima, bahasha sijaifunga. Nusaiba amesema haiamini tena simu. Kila Jumamosi akikumbuka kwamba mnapita, roho inamruka, anapanda gari kuja kunihakiki kwa macho yake. Ameshakuja Jumamosi nne mfululizo, na wajukuu kaja nao mara mbili. Kwa hiyo barua hii ichane, njia iache hivyohivyo ilivyo. Na kama mnaweza kupita na Jumatano pia, mimi sina kipingamizi.