Mama Yake Lefika Kwenye Televisheni

Jumatatu, 3 Juni

Lefika amebusu televisheni sasa hivi. Mdomo umejaa uji, mwaa! kwenye shavu la Sindiswa. Kisha akaita: mama! Mimi niko nyuma yake na kitambaa cha kumfutia. Nikafuta kioo.

Sina wivu. Sindiswa ni mama yake saa moja na nusu jioni tu, kwenye tamthilia, na humo Lefika anaitwa Junior. Saa nyingine zote ni wangu. Mimi pia nimo humo humo. Mhudumu wa baa. Napita nyuma na sinia. Miaka miwili sijasema hata "karibu".

Habari kubwa! Kituo kimetupunguza. Tamthilia yetu, Ukoo wa Molefe, sasa siku tatu kwa wiki, na siku zinazobaki saa yetu wanapewa wapinzani, Vumbi la Dhahabu. Waigizaji wananong'ona hadi chooni, nani anahama, nani anabaki. Na mimi nimepigiwa simu. Mimi! Vumbi la Dhahabu wanataka nesi. Nesi anayesema! Jibu kabla ya Ijumaa jioni.

Ila mtoto hawamtaki. Na nikihama, Lefika hawezi kubaki studio bila mimi. Watatafuta Junior mwingine, na watazamaji watamzoea kabla ya wikendi. Yaani hatutaonekana tena kwenye picha moja, mimi na mwanangu. Hata kama mimi ni kivuli huko nyuma.

Nesi anayesema. Ee Mungu.

Jumanne, 4 Juni

Aibu dukani. Kina mama wamemtambua Junior wao, wakamzunguka. Mmoja akaniuliza, "Wee dada, mama yake anajua unamlisha chipsi?" Nikasema mama yake ni mimi. Walicheka hadi wakashikana mabega. Eti mayaya wote husema hivyo. Nikaagizwa nimsalimie Mama Junior na nimwambie aachane na yule mume.

Hapa kwetu ukishazaa, watu wanaliacha jina lako, wanakuita kwa mtoto. Mimi nimezaa, Sindiswa ndiye anayeitwa!

Nimelia kidogo. Kisha, nikimenya viazi, wazo! Mama halisi wa Junior awe mhudumu wa baa! Alimtoa mtoto kwa matajiri, miaka yote anapita na sinia akimtazama kwa siri. Wakikubali, nabaki. Nchi nzima itanitambua.

Jumatano, 5 Juni

Nimempelekea Oratile, mwandishi wetu wa hadithi, magwinya, yale maandazi yetu, ya moto na nyama ya kusaga. Nikamweleza. Aliacha kutafuna! Akasema, "Dada, wewe ni hatari. Mama halisi anarudi!" Akaandika papo hapo kwenye karatasi yenye mafuta.

Nimeimba hadi nyumbani. Shangazi Gaone, tunayeishi naye, akauliza kama Oratile alitaja mhudumu. Nikamwambia wivu unapandisha presha.

Alhamisi, 6 Juni

Mama halisi amerudi. Ni Puseletso! Yule nyota wa Vumbi la Dhahabu, kahamia kwetu. Oratile kanishukuru kwa mikono miwili, eti walikuwa hawajui wamwingize kwa mlango gani. Na mimi nimekumbukwa: kesho nitampelekea chai.

Sawa. Nina mbinu nyingine. Jioni nzima nimemfundisha Lefika: ukiona sinia, kimbilia kwa mama. Anapata biskuti. Anajifunza haraka, mwanangu. Kaka yangu alipopita na sinia, akamkimbilia pia. Si neno.

Ijumaa, 7 Juni

Sindiswa anamvuta mtoto huku, Puseletso huku, wote machozi. Nikaingia na chai. Lefika akateleza kutoka kwenye kochi, akaja mbio, akanishika miguu. Mama! Sinia ikaenda zake. Viatu vya Puseletso vikanywa chai yote. Nikapiga magoti nikamkumbatia, na kulia sikuigiza.

Mwongozaji akafoka, "Nani kamruhusu mhudumu kulia?" Halafu akaitazama picha. Akaitazama tena. Akasema inabaki, uso wa mtoto unatosha kuvunja moyo wa mtu.

Nilienda kuiona. Uso wa Lefika, unang'aa. Na mgongoni pake, mkono. Wangu! Kichwa wamekikata, lakini mkono upo, umemshika kama ninavyomshika kila siku.

Vumbi la Dhahabu wakapiga simu. Nikauliza kama nesi ana mtoto. Hana. Nikasema asanteni.

Shangazi akashika kiuno: "Yaani umekataa mdomo, ukachukua mkono?"

Haelewi. Wameanza na mkono. Wiki ijayo bega. Halafu shingo. Kufikia Krismasi, uso! Jumatatu nampelekea Oratile magwinya mengine, na wazo hili jipya hakuna nyota wa kuniibia, maana mhudumu ana kovu mkononi, na siku Junior atakapoliona hilo kovu ataku... Nakuja, Shangazi, nakuja! Lefika amepanda wapi tena? Nilikuwa nasema, akiliona kovu atakumbu...