Kiunganishi Kilichotoroka Kibiti

Wananchi wote wa Kibiti na visiwa vya delta wanatangaziwa kuwa kiunganishi, mali ya umma, kimetoroka. Atakayekiona asikiguse.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo la Bwana Muhidini, mkuu wa Ofisi ya Kuharakisha Vibali. Lilibandikwa mlangoni, mbele ya wauza boriti waliokuwa wakingoja kuharakishwa tangu wiki iliyopita.

Mwanaharusi, mjane aliyepika chai ya ofisi na kufagia, alilisoma mara mbili. Alivyoelewa yeye, kiunganishi kilikuwa programu ndogo ndani ya kompyuta. Kila asubuhi kompyuta ilifuata orodha ya amri, ikakiita, kikaunganisha vipande vya kazi, vibali vikatoka. Sasa kila kikiitwa, jibu lilikuwa moja: hakikupatikana.

Kamati ikaundwa. Ikapekua makabati, ikamhoji mlinzi, ikaenda mpaka bandari ya Nyamisati kuhakikisha hakijapanda boti ya Mafia. Siku ya nne, vitumbua vilipokwisha, ikakumbuka kwamba chumba cha kompyuta hufagiwa. Ripoti ikatumwa makao makuu: aliyesababisha upotevu apunguzwe kazi mara moja, jina litafuata. Zilikuwa enzi za kupunguza. Hata sukari ya chai ilishapunguzwa.

Macho yote yakamwelekea Mwanaharusi na ufagio wake. Naye alikuwa na wajukuu watatu wa kulisha kwa ufagio huo huo. Akavuta istighfari, akaomba aitwe Naushad, fundi redio wa sokoni aliyesomea kompyuta Dar.

Naushad akabonyeza kidogo, akacheka. "Kipo, mama. Kimekaa kwake, hakijasogea hata unywele."

Bwana Muhidini akataka kujua mbona basi hakionekani. Naushad akaeleza kwamba mashine haitafuti kila mahali. Hupewa orodha ya mahali pa kutafuta. Zamani palikuwa sita. Sasa pawili.

"Ni kama kumtuma mtu visiwa vya Mbwera akalete wavu, usimtajie kisiwa gani," Mwanaharusi akasema. "Atarudi mikono mitupu, na wavu umeanikwa juani."

Badru, katibu wa kamati, mtu wa utaratibu, akauliza nani aliyepunguza. Naushad akasoma kwenye kioo: Muhidini, mkuu wa ofisi, kwa sababu ya kuizuia mashine kuzurura saa za kazi.

Mahali panne pakarudishwa, vibali vikaanza kutoka. Badru naye akatuma jina lililokuwa likisubiriwa.

Alhamisi akaja tarishi wa makao makuu na barua ya kumkabidhi Bwana Muhidini mkononi. Watumishi walikwisha kuagizwa waseme bwana amesafiri. Tarishi akachungulia ofisini, akachungulia barazani, akatoa kalamu aandike: hakupatikana.

Mwanaharusi akatua birika.

"Yupo, mwanangu. Mimi leo nimefunga, siwezi kukudanganya. Umetafuta mahali pawili tu. Katazame stoo, nyuma ya magunia ya mkaa."