Hatua Thelathini za Choo Changu

Jumatatu, 4 Machi
Bwana afya kafika na futi kamba. Kapima choo changu: mita kumi na moja toka kisimani. Sheria inataka thelathini. Nikamwambia mbona nilipima mwenyewe, hatua thelathini kamili! Akaomba nimwonyeshe. Nikatembea: nikazunguka nyumba, nikapita banda la kuku, nikatokea kisimani. Thelathini! Akasema sheria haizunguki nyumba. Siku saba, la sivyo nyumba inafungwa. Nyumba yangu! Isiyo na waya wala bomba la mtu, taa za jua, maji yangu mwenyewe. Wifi yangu, ambaye nilimtambia mwaka mzima, atacheka mpaka adondoke.

Jumanne, 5 Machi
Nimempigia mwanasheria, binti yangu. (Yuko mwaka wa pili chuoni. Mwanasheria ni mwanasheria.) Kasema mama, fukia hicho, chimba kingine kona ya mbali. Akili ile kaitoa kwangu. Ila kuchimba ni jasho. Ninayo njia fupi.

Ijumaa, 8 Machi
Choo si choo tena! Nimeandika mlangoni kwa chokaa: STOO. Ndani nimetundika majembe. Wifi kaja kutembea, kauliza sasa yeye aende wapi. Nikamwambia ajikaze.

Jumatatu, 11 Machi
Bwana afya karudi. Kasoma mlango, kasema stoo nzuri. Nikavimba kichwa. Halafu kauliza, basi choo kiko wapi? Nikababaika, nikasema sina. Lo! Kumbe nyumba isiyo na choo hufungwa siku hiyo hiyo! Kalamu ikatoka. Wifi, aliyekuja kujionea, kashika mbavu. Mara binti yangu huyo, kashuka basi la asubuhi. Akampa bwana afya shikamoo, akaniombea radhi mimi mbele yangu, akaomba muda kwa maandishi. Siku kumi na nne! Nilimwambia bwana afya mara tatu kwamba huyu nimemzaa mimi.

Ijumaa, 22 Machi
Choo kipya, mita arobaini, muhuri umegongwa. Binti kaniapisha: mama, usichimbe kitu bila kuuliza. Nimeapa.

Jumamosi, 23 Machi
Binti karudi chuoni. Mchimbaji wa choo kipya bado yupo, na koleo lake. Nami nimewaza: toka choo kipya hadi kisimani kunawa mikono ni safari! Nimemchorea kisima cha pili, pale pale jirani na choo. Nimepima mwenyewe. Hatua thelathini, na mahindi nimeyazunguka mara mbili.