Kiingereza cha Kumaliza Chuo

Jumatatu, 3 Machi
Ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa: leo saa nne asubuhi masjala ya hospitali imepokea fomu. Ukurasa mmoja! Kila karani aeleze kwa Kiingereza, sentensi moja, masomo yake ya juu. Wasio na shahada watahamishiwa ghalani, kukunja mashuka. Mimi ghalani! Miaka kumi na tisa nimekaa dirishani, wagonjwa wananiita daktari, nami sijawasumbua kwa kuwasahihisha.

Jirani yangu wa meza, tunayemwita Wakili kwa ubishi wake, kajaza kwa dakika mbili: aliacha chuo mwaka wa kwanza. Kaandika hivyo hivyo! Nimemhurumia.

Jumanne, 4 Machi
Chuoni nilikaa miaka mitatu. Sikumaliza. Anajua Mungu, na sasa daftari hili. Mke wangu hajui. Yeye aliolewa na msomi. Kazi basi ni kupata kitenzi kisichodanganya wala kuumbua. Nimepekua kamusi hadi chai ikapoa. "Completed"? Uongo mchana kweupe. "Attended"? Kama nilihudhuria msiba. Mwishowe nikapata: "I passed through the university." Nilipita chuoni. Kweli tupu! Hata upepo ulipita.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Shemeji, mdogo wa mke wangu, mwalimu wa Kiingereza, kaja kututembelea, kaikuta fomu mezani. Kacheka mpaka kashika mbavu. Eti shemeji, ulipita chuoni ukienda wapi? Waingereza hawasemi hivyo. Aliyemaliza shahada huandika "graduated". Nikasema naipenda yangu. Mke wangu akauliza mbona nang'ang'ania Kiingereza kibovu na shahada ninayo. Wakanitazama wote wawili. Nikashika kalamu. Shemeji akanitajia herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Afisa utumishi kanisifu: Kiingereza changu kimewashinda wote. Kisha kaomba cheti. Nikasema kiliungua. Akasema si neno, atapiga simu chuoni. Nikasema nadhani chuo nacho kiliungua. Akapiga. Wakapokea.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefukuzwa kazi kwa udanganyifu. Wakili yuko ghalani na mashuka yake, kazi anayo. Kanisindikiza hadi getini, kanibebea boksi. Pole kaka, kasema, si ungesema tu?

Ukweli ni huu. Sikuugua, sikufiwa, hakuna aliyenionea. Asubuhi ya mtihani wa mwisho nilifika mlangoni, nikasikia karatasi zikigawiwa, nikaogopa kufeli. Nikageuka. Nilikaa nyuma ya maktaba mpaka wenzangu wakatoka, wanacheka. Nikajichanganya nao, nikicheka. Sijaacha kucheka hivyo tangu siku ile.

Mke wangu kauliza mbona nimerudi mapema, na boksi. Nimemwambia hospitali imenipa likizo ya masomo.

Kampigia mdogo wake simu, kapiga vigelegele. Sasa hivi ananinyooshea shati la kwenda darasani kesho.