Paka Wawili kwa Kila Kaya

Hotuba ya Mratibu wa Mradi, Ndugu Gregory, kwa wananchi wa Maretadu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kutokana na udhuru wa wengine wote ni mimi mwenyewe, waheshimiwa watendaji wa vijiji, Mwalimu Mkuu Mwita, uliyetuletea viti pamoja na wanafunzi wa kuvikalia, wachungaji, mapadri na masheikh, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), wapiga picha, sogeeni mbele, na nyinyi wananchi wa kawaida mliosimama juani: itifaki imezingatiwa. Mradi hoyee! (Hoyee, ya mstari wa mbele tu.)

Ndugu zangu, nasimama hapa kifua mbele kuzindua Mradi Jumuishi wa Paka Wawili kwa Kila Kaya, ambao wataalamu wetu, chini ya uongozi wangu mahiri, wameufanyia upembuzi yakinifu, mchakato shirikishi na semina elekezi kule Babati, kwenye hoteli yenye maji ya moto, kwa sababu mtu huwezi kumfikiria paka vizuri huku unatetemeka. (Kicheko. Mheshimiwa anainamisha kichwa kama aliyepigiwa makofi.)

Mtauliza, kwa nini wawili? (Sauti ya mwanamke: "Tupe hata mmoja!") Mama Yusta, vuta subira. Najua panya wamekumalizia mahindi, sasa wamehamia kwenye mbegu ya maharage, na wakiimaliza hiyo huna cha kupanda mvua ikinyesha. Inauma sana, na ofisi imeshakuingiza kwenye fremuweki ya mradi.

Sasa sikilizeni sayansi. Mtoto wa paka akilelewa peke yake analia usiku kucha, anatafuna vidole vya mwenye nyumba na kupanda mapazia kwa upweke. Wakiwa wawili wanacheza wao kwa wao, wanaviziana na kufundishana kuwinda, na huyu akimng'ata mwenzake kwa nguvu naye anang'atwa, hivyo anapata adabu bila kuhudhuria semina. Kitaalamu hiyo ni peer learning. (Mtendaji anaandika haraka.) Usiku wanalala wamekumbatiana, jambo ambalo kwa baridi yetu hii ni matumizi bora ya nishati. Aidha, asilimia tisini na saba ya panya waliohojiwa walikiri kwamba paka mmoja hawamwogopi. (Mzee Qamara: "Mliwahojia wapi?") Shikamoo mzee wangu, maswali ni mwisho.

Kwa heshima na taadhima, namwita Mama Yusta apokee paka wake. (Vigelegele. Mama Yusta anawapokea wote wawili, anawafunika kwa khanga kifuani, machozi yanamtoka.) Tazama kamera, mama. Usilie. Au lia, lakini ukitazama kamera.

Ndugu wananchi, haya ndiyo maendeleo mliyokuwa mkiyasikia redioni, na ifikapo mwakani panya wa Maretadu atakuwa anasomwa kwenye vitabu tu. Paka wawili! (Nyumba moja!) Panya! (Kwishaaa!) Mratibu! (Kimya.) Nimesema, Mratibu! (Mtendaji, peke yake: "Juu!")

Nikihitimisha, nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomshukuru Mama Zita wa Endasak, aliye nasi hapa, kwa kutuazima paka hawa wawili kwa kila uzinduzi tangu tulipoanzia Hanang. Na kijana Pascal, ambaye pikipiki yake inawasubiri, kwani kesho asubuhi wanazindua Tumati. Paka wengine watapatikana pindi mradi utakapoandikwa. Asanteni sana. Mama Yusta, fungua khanga, uwarudishe kwenye kikapu.

Mama Yusta?

Jamani, anakwenda wapi? Mzuieni! (Wananchi wanampisha. Mama Zita, kwa sauti: "Nenda nao, dada! Nimekupa mimi, siyo yeye!" Makofi mazito, mpaka kwa waliokaa kwenye viti.)

Mama Zita, tafadhali sana, mama yangu, kesho Tumati nitazindua nini?