Upande wa Majani na Upande wa Nyama

Mbele ya kamera, maua ya plastiki na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, Wizara ya Ulaji Bora ilitangaza kwamba swali lililomsumbua binadamu tangu alipoota meno sasa litajibiwa rasmi. Je, mtu ale majani na matunda mabichi yasiyojua moto, au ale nyama, maziwa na mafuta kama babu zake? Serikali, msemaji alieleza, haiwezi kuendelea kuwaachia wananchi waamue jambo zito kiasi hicho wakiwa na njaa.

Aliyekabidhiwa kazi ya kutafuta jibu alikuwa Mratibu wa Utafiti, mtu wa tai ndefu na sentensi ndefu zaidi, ambaye wenzake walimwita Kwa Mujibu kwa sababu hakuwahi kufungua mdomo bila kuanza na maneno hayo. Hata mkewe alipomuuliza kama analala nyumbani, alijibu kwa mujibu wa ratiba.

Chanzo cha yote kilikuwa wakubwa wawili. Waziri alikwenda semina ng'ambo akarudi na mkanda unaomlegea na imani kwamba moto ni adui wa chakula. Mwezi uleule Katibu Mkuu, mwanamume mwenye shingo ya kukunjamana kama kola mbili, alisoma mahali kwamba mababu waliishi kwa nyama na maziwa tu na hawakukanyaga hospitali hata mara moja. Kwamba hospitali zenyewe hazikuwepo, hilo halikuandikwa. Tangu hapo wizara ikagawanyika katikati kama tikiti. Aliyetaka cheo alitafuna karoti akipita mlango wa Waziri, na alinyonya mfupa akipita mlango wa Katibu Mkuu. Kwa Mujibu alibeba vyote viwili, kila kimoja na mfuko wake wa koti. Siku moja alichanganya mifuko, akamchomolea Waziri paja la kuku. Ilibidi aeleze kwamba alikuwa amelikamata kama kielelezo.

Sasa nani apimwe? Wanafunzi wangegoma. Askari wana bunduki. Watumishi wa wizara wana chama. Baada ya vikao vingi ikaonekana kwamba wakazi wa Nyumba ya Wastaafu wana sifa zote za kisayansi: wako pamoja, hawana pa kwenda, na wakilalamika hakuna anayesikia. Jengo lao lilikuwa na mabawa mawili, ukumbi wa chakula katikati. Bawa la kushoto likawa la majani, la kulia likawa la nyama. Jiko la pamoja likafungwa kwa kufuli.

Shida ilikuwa moja. Katika bawa la kushoto aliishi shangazi yake Kwa Mujibu, dada wa baba yake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Zamani alikuwa opereta wa simu serikalini. Mawaziri wa enzi hizo aliwafahamu kwa kikohozi.

"Shikamoo shangazi," Kwa Mujibu alisema siku ya uzinduzi.

"Marahaba. Nasikia umenipangia majani."

"Siyo majani, shangazi. Ni Mlo A."

"Na mbuzi naye huko kwenu anaitwa nani?"

"Shangazi, tusiingize siasa kwenye sayansi."

Kabichi mbichi zikaletwa, pamoja na karoti, mbegu zilizolowekwa na juisi ya kijani iliyonuka kama uwanja wa mpira baada ya mvua. Wengi wa bawa lile walikuwa na meno ya kuhesabika, kwa hiyo chakula cha asubuhi kiliisha karibu na chakula cha mchana. Muda uliobaki walishinda chooni. Waziri alipopelekewa habari hizo alifurahi sana, akasema huo ni utakaso.

Wa bawa la kulia walipewa maini, mafuta, maziwa na nyama, na baada ya nyama, nyama. Huko hakuna aliyekumbuka choo kiko wapi. Dereva mmoja mstaafu wa treni alitembea ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtungi. Katibu Mkuu aliagiza iandikwe kwamba Mlo B unaokoa maji.

Kwa Mujibu alikwenda kumtazama shangazi yake baada ya wiki chache. Alimkuta ameketi kitandani, sketi imebanwa kiunoni kwa pini. Mikono yake, iliyokuwa ikimkamata sikio akiwa mtoto, ilikuwa imebaki mishipa. Shangazi hakumtania. Alimuuliza tu kama watoto wake hawajambo, akapumzika, akauliza tena swali lilelile. Kwa Mujibu akatoka nje akasimama kwenye korido.

Kesho yake alimfuata Waziri.

"Mheshimiwa, naomba mshiriki mmoja wa Mlo A aondolewe. Ni shangazi yangu."

Waziri alikuwa anatafuna bua la mboga fulani, taratibu, kama mtu anayesali. "Data haina shangazi," alisema. "Mrudishe nyumbani leo, kesho kila mtu atakuwa na shangazi."

Kwa Mujibu alimshukuru kwa ufafanuzi. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na uwezo wa kukasirika, lakini uwezo huo alikuwa hajaupatia idhini.

Alipanga kukaa muda asiende kule, asione. Dhamiri ikamsuta, akaenda. Alimkuta shangazi amenawiri. Pini imeondoka kiunoni, mashavu yamerudi, na anamwimbia jirani yake wimbo wa kejeli kuhusu kabichi. Kwenye bawa la kulia dereva wa treni alikuwa anatembea huru, mikono imeachia tumbo.

"Kwa mujibu wa hali hii," Mratibu alisema polepole, "kuna kinachoendelea."

Shangazi akamshika mkono, akampeleka chumba cha kufulia nguo. Dirisha la chumba kile, nyuma ya ukumbi, lilitazamana na dirisha la bawa la pili, karibu kiasi cha kupeana kitu kwa mkono. Dereva alikuwa upande wa pili anapitisha bakuli la nyama, na mama mmoja wa bawa la kushoto anampa kabichi na karoti. Kwenye kona, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, jiko la mafuta ya taa lilikuwa linanguruma, na juu yake sufuria ya mchuzi wa nyama na mboga ikitokota. Harufu ile ilimvuta Kwa Mujibu hatua mbili mbele.

"Shangazi, huu ni uchafuzi wa matokeo."

"Ni chakula cha mchana. Nenda kaandike upendavyo, baba. Ukisema, watatufukuza, na mimi nitakuja kwako na huyu dereva na jiko lake. Keti kwanza."

Akaketi. Alikula mabakuli mawili. Halafu akarudi ofisini akaandika kwamba washiriki wameanza kuzoea.

Madaktari walipokuja kuwapima wazee, walikuta mabawa yote mawili yana damu nzuri, shinikizo zuri na hamu ya kugombana. Waziri akapiga simu kwa waandishi wa habari kutangaza ushindi wa majani. Katibu Mkuu akapiga kutangaza ushindi wa nyama. Sherehe ikaandaliwa, na Mkuu wa Nchi mwenyewe akaalikwa. Naye alikwenda kwa moyo mmoja, maana ugomvi wa karoti na maini ulikuwa umeshamharibia vikao vingi vya Baraza.

Waziri alizungumza kwanza, matangazo yakirushwa moja kwa moja. "Nidhamu ya utafiti huu haina mfano," alisema. "Milango ilifungwa kwa kufuli. Madirisha yalipigiliwa misumari. Hata harufu haikupita. Na watazameni wazee wetu."

Katibu Mkuu hakutaka kupitwa. "Wa upande wangu wangeweza kuishi hivi miaka yote iliyobaki, na wasikumbuke jani."

Wazee kwenye safu ya nyuma walipiga makofi kwa adabu. Kwa Mujibu alitazama viatu vyake.

Mkuu wa Nchi alisimama bila karatasi. Alisema amefarijika. Kama milo yote miwili ni mizuri kiasi hiki, wananchi hawapaswi kuipata kabla ya viongozi wao. Kwa hiyo awamu ya pili inaanza kesho: Waziri bawa la kushoto, Katibu Mkuu bawa la kulia, kwa nidhamu ileile, kufuli na misumari. Wazee wahamie ukumbi wa katikati, wafunguliwe jiko lao, na wawe wasimamizi, kwani wana uzoefu.

Makofi yalikuwa makubwa. Waziri, ambaye kila jioni dereva wake alimpitisha mahali pa nyama choma kwa mlango wa nyuma, alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa. Katibu Mkuu, ambaye daktari alikuwa amemkataza nyama nyekundu kwa sababu ya kidole gumba cha mguu kinachovimba, alipiga makofi mpaka akasahau kuacha. Mafundi walifika asubuhi. Hawakukuta msumari hata mmoja kwenye madirisha, wakashangaa, wakapigilia.

Haikupita muda, Kwa Mujibu akapigiwa simu.

"Andika taarifa kwamba utafiti umekamilika," sauti ya Waziri ilisema. Ilikuwa imepungua uzito. "Leo hii."

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa mwongozo uliousaini, mshiriki haruhusiwi kuwasiliana na mratibu." Akaongeza: "Na data, mheshimiwa, haina waziri."

Akakata simu. Wala hakujuta.

Mchana huo shangazi alimpelekea Waziri sinia la Mlo A, akafungua kufuli, akaliweka mezani, akasimama kusubiri atafune, kama kanuni zilivyotaka. Waziri hakuligusa. Kutoka ukumbini kulisikika vijiko, vicheko, na mtu anaomba aongezewe. Upande wa pili wa ukumbi Katibu Mkuu alikuwa anaulizia, kwa upole ambao wizara nzima haikuwahi kuusikia, kama kuna aliyebakiza tango.

Waziri alimeza mate.

"Mama," alisema, "nyinyi kule mnakula nini?"

Shangazi alikuwa ameshashika kitasa.

"Chakula," akasema, akafunga mlango.