Bwana Afya na Mtaalamu wa Pua

Muganyizi ndiye mtu wa kwanza Buzuruga nzima kumfundisha mbwa Kiingereza, na mbwa akafeli kwa heshima zote.

"Siti!" alimwamrisha asubuhi moja, kasimama katikati ya ua, kavaa koti la suti juu ya kaptura. "Ai sei, siti!"

Mbwa akamtazama. Akajikuna. Akaenda kukojolea ndoo ya kufulia.

"Umeona?" Muganyizi akamgeukia mkewe. "Ameanza kuelewa."

Ndiyo zake huyo! Mwaka juzi alikuwa mtaalamu wa nyuki, mpaka nyuki wenyewe walipompa maoni yao usoni, akatembea wiki nzima kama boga lililovaa miwani. Mwaka jana alikuwa mtaalamu wa uyoga. Uyoga ulikataa kuota kwenye mifuko, ukaota nyuma ya kabati la nguo. Mwaka huu alitazama video tatu za mbwa kwenye simu. Ya tatu hakuimaliza, bando lilikata katikati. Haikumzuia! Alikwenda stendi akajichapishia cheti chenye mhuri mwekundu mkubwa kama kisosi: MTAALAMU WA PUA.

Bando likaisha, bondo likaanza.

Maana chanzo cha mbwa kusomeshwa kilikuwa mabondo. Kiwanda kimoja cha minofu ya samaki pale ufukweni Mwanza kilikuwa kinaibiwa mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa ya tumboni ambayo wanunuzi huigombania kuliko samaki mwenyewe. Bondo likikauka huwa jembamba. Mtu analifunga kiunoni, anatoka nalo huku anapiga mluzi. Kwa hiyo kila jioni wafanyakazi wote, mia mbili na ushee, walipangwa foleni getini wakapekuliwa mmoja mmoja, wanawake wakipapaswa mpaka ndani ya vitambaa vya kichwa. Aliyemaliza kazi saa kumi alifika kwake saa moja, kanuna, na watoto wamelala njaa.

Mkuu wa ulinzi, Mzee Mbaruku, akachoshwa na lawama. Akatangaza kwamba mwenye mbwa wa kunusa bondo amlete ajaribiwe. Mbwa akifaulu, kupapasana kutakoma, na mwenye mbwa atapewa kazi ya kudumu.

Muganyizi alifika getini kabla tangazo halijakauka gundi.

"Shikamoo, mzee. Nipe wiki mbili tu, mbwa atakuwa tayari!"

"Marahaba. Mbwa unaye?"

"Mbwa?" Muganyizi akacheka kwa huruma, kama profesa aliyeulizwa kama anajua kusoma. "Mzee wangu, mbwa ni jambo dogo. Kinachotakiwa ni kichwa!"

Mbwa hakuwa naye. Ila kulikuwa na mbwa koko mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kukagua masufuria ya watu, akitia pua kwenye kila ndoo ya taka, bila barua wala kitambulisho. Mtaa ulimwita Bwana Afya. Specioza, mke wa Muganyizi, ndiye aliyekuwa akimpa ukoko, na ndiye pekee ambaye mbwa huyo alimtii.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Huyo Specioza alipika uji wa mbwa kwa miaka mitatu kwenye kambi moja mbugani, walikofundishwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu. Mkono ulikuwa kwenye mwiko, macho yalikuwa uwanjani. Alijua kazi ile toka mwanzo hadi mwisho. Lakini hakuwa na cheti chenye mhuri, basi mumewe alimhesabu miongoni mwa watazamaji.

"Baba Precious," akamwambia, kwa jina la binti yao wa kwanza, "mbwa hafundishwi kwa amri. Ngoja nikuonyeshe."

Akachukua kopo la maziwa ya unga, akatoboa kifuniko, akatia kipande cha bondo ndani. Akaliweka chini, akanyamaza. Bwana Afya, ambaye hajawahi kupita chombo bila kukikagua, akasogea akanusa.

"Safi!" Specioza akasema papo hapo, akamtupia kipande cha ini.

Mbwa akashtuka. Maisha yake yote alikuwa anapigwa ndala kwa kunusa makopo. Leo analipwa ini! Akanusa tena. "Safi!" Ini. Mara ya sita akanusa, akaketi mwenyewe, akamtazama mama kwa macho ya mtu aliyepata ajira serikalini.

"Basi, inatosha kwa leo," Specioza akasema.

"Inatosha? Dakika tano?" Muganyizi akashika kiuno. "Hiyo ni shule au ni salamu?"

"Kidogo kidogo, wiki kumi. Kesho tena kopo moja. Akishika, makopo mawili, moja tupu. Halafu matatu. Halafu tunaficha. Halafu mtu analivaa. Akikosea hakemewi, unarudi hatua moja nyuma. Mbwa akikosea, kosa ni la mwalimu."

Hapo Muganyizi akaudhika kweli kweli. "Yaani mbwa afeli, niitwe mimi mjinga? Elimu gani hii! Mimi nilichapwa nikasoma!"

"Nimekusikia," Specioza akasema, akaenda kuosha kopo.

Siku ya nne habari ikaja kwamba shangazi yake Specioza amevunjika mguu Misungwi. Akafunga kibegi. Mlangoni akarudia maagizo yake: asiruke hatua, makopo yaoshwe, na anayeficha bondo asiwe yule yule anayemwongoza mbwa. Muganyizi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine.

Kibegi hakijafika stendi, mtaala ukabadilishwa! Kopo moja likawa makopo kumi siku hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa na kasoro moja tu, harufu ya bondo ilimtia kichefuchefu. Mtaalamu wa Pua, na pua yake mwenyewe haikuwa tayari kwa kazi! Kwa hiyo kabla ya kugusa bondo alijimwagia mikononi marashi yake ya kwendea harusini, yaitwayo Sultani, marashi ambayo ukiyapaka Buzuruga, mtu wa Mkuyuni anapiga chafya. Kopo la bondo alilishika kwa mikono hiyo. Yale matupu, kwa uvivu, aliyasukuma kwa kiatu.

Bwana Afya akanusa mstari mzima. Makopo tisa yalinuka kiatu. Moja lilinuka Sultani. Akaketi mbele ya Sultani, akapewa ini kubwa kama kandambili.

Mara kumi, kumi sahihi! Mara ishirini, ishirini! Muganyizi akajipiga picha na mbwa, akaituma kwenye makundi yote ya simu, mpaka kundi la kwaya. Chini akaandika: "Wengine wiki kumi, sisi siku tatu. Akili ni nywele."

Specioza aliporudi, akatazama zoezi moja tu, akakunja uso.

"Nani kaficha?"

"Mimi."

"Nani anamwongoza?"

"Mimi."

"Na mikono yako mbona inanuka harusi?"

"Mama Precious, wivu huo!"

"Sina wivu. Huyu mbwa hajui bondo. Nipe wiki kumi tuanze upya. Ukimpeleka hivi, utawaponza watu wasio na hatia."

"Nimeshamwambia mzee ni Ijumaa," Muganyizi akasema. "Ijumaa ni Ijumaa."

Ijumaa jioni uwanja wa kiwanda ulijaa. Wafanyakazi walisimama kwa mabuti yao meupe, wamechoka, lakini safari hii wana matumaini. Mbwa akifaulu, kesho wangewahi kwao. Katikati walipangwa watu sita, na mmoja wao, mpakiaji mwenye mwili wa mlango aitwaye Ngosha, alikuwa amefungwa bondo kiunoni na Mzee Mbaruku kwa siri. Meneja alikuwepo. Dada Nice wa stoo alikuwepo na daftari. Specioza alisimama karibu na geti, mikono nyuma.

Muganyizi akaingia. Suti ya kijivu, tai nyekundu, jua la Mwanza linamchoma kama muhogo. Alitembea kama mkuu wa wilaya anayekwenda kuzindua choo! Na kwa kuwa siku kubwa huhitaji harufu kubwa, alikuwa amemaliza nusu chupa.

Akaanza na salamu. Akampa mkono meneja, akautikisa kama pampu. Akampa mkono Nice. Akampa Mzee Mbaruku, mikono yote miwili, kwa adabu. Ngosha na wenzake watano hakuwasalimia. Hao walikuwa makopo tu.

"Mabibi na mabwana!" akapaza sauti. "Pua hii haijawahi kukosea. Leo mwizi hana pa kwenda! Bwana Afya, kazi!"

Bwana Afya akaenda. Akampita Ngosha kama nguzo ya umeme. Akawapita wote sita. Akainua pua, akavuta hewa, akaenda moja kwa moja kwa meneja, akaketi.

Meneja akamtazama mbwa, mbwa akamtazama meneja.

Mtu mwenye akili angesema "samahani" hapo hapo. Lakini Muganyizi alikuwa na cheti!

"Mpekueni!" akasema.

"Unasemaje?" meneja akauliza.

"Mbwa hajui cheo, mkuu. Sayansi haina bosi!"

Meneja akageuza mifuko, uso umeiva. Zikadondoka karanga na pipi ya kifua. Kufikia hapo Bwana Afya alikuwa ameshaketi mbele ya Nice.

"Na huyo! Ni mtandao!" Muganyizi akapiga kelele, sauti imeanza kumtoka puani. "Wanashirikiana!"

"Mimi?" Nice akafyatuka. "Miaka sita sijachukua hata mkia! Wewe baba una wazimu?" Machozi yakamlengalenga, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna, maana walijua ladha ya kushukiwa bure.

Mbwa akahamia kwa Mzee Mbaruku. Mzee akarudi nyuma hatua tatu, kanzu kaishika juu.

"Mwondoe! Mwondoe asinirambe, nina udhu mimi!"

"Hata mkuu wa ulinzi!" Muganyizi akanong'ona, na kwa sekunde moja, maskini, aliamini kweli amegundua njama kubwa kuliko zote za ukanda wa ziwa.

Kisha Bwana Afya akageuka. Akamwona mwalimu wake. Harufu yote ya duniani ilikuwa pale, imevaa tai! Akamkimbilia, akaketi mbele yake, akainuka, akaketi tena, akalia kwa furaha, akamrukia kifuani, akamwangusha chali kwenye dimbwi la maji ya samaki, akakaa juu ya tumbo lake akisubiri ini.

"Bhebhe, wewe!" Ngosha akapaza sauti kutoka kwenye mstari. "Na mimi je? Hili bondo linaniwasha, jamani, nilivue?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Muganyizi hakucheka. Alilala pale akitazama mawingu. Kilichomuuma zaidi ya maji ya samaki ni kwamba Nice naye hakucheka. Alikuwa anajifuta macho kwa kona ya daftari.

Specioza akaja, akamwita mbwa kwa sauti ndogo, mbwa akashuka tumboni. Akamwendea Nice kwanza. "Mdogo wangu, utusamehe." Halafu akamgeukia mzee.

"Mzee Mbaruku, mbwa hana kosa. Amefundishwa marashi, ameleta marashi. Aliyepeana mkono na mume wangu ndiye aliyekamatwa."

Mzee akanusa kiganja chake. Akakiweka mbali na uso. "Wewe ungemaliza kwa muda gani?"

"Wiki kumi. Kidogo kidogo. Na huyu asimguse."

Muganyizi, bado dimbwini, akaanza kuvua tai.

Wiki kumi zikapita, dakika tano tano. Kopo moja, mawili, matatu. Mbwa akikosea, Specioza anarudi nyuma bila kelele. Muganyizi alitazama kutoka dirishani, na mara mbili tatu alitamani kuuliza swali, lakini akaishia kufuta kioo cha dirisha. Siku ya jaribio la pili, Bwana Afya alipita watu arobaini, akaketi mbele ya mmoja tu. Bondo likatoka ndani ya soksi yake. Nice ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, foleni ya getini ikaisha kwa robo saa, na hakuna aliyepapaswa tena.

Specioza akaajiriwa, mwalimu wa mbwa. Akamweleza Mzee Mbaruku kwamba mbwa asiyepata mazoezi husahau; anatakiwa mtu wa kujificha na bondo kila siku na kukamatwa, bila kupaka chochote mwilini. Mzee akauliza nani atakubali kazi hiyo. Specioza akasema nyumbani kuna mtu hana shughuli.

Juzi mama yake Muganyizi alimpigia simu kutoka Muleba.

"Mwanangu, nasikia umepata kazi kiwandani! Kanisani wananiuliza, niwaambieje?"

"Waambie niko idara ya usalama, mama. Ngazi nyeti. Bila mimi zoezi haliendi."

"Mungu mkubwa! Una watu chini yako?"

Muganyizi akakohoa, anatafuta jibu, bondo linamtekenya mbavu. Kabla hajalipata, sauti ya Nice ikavuma kwenye spika ya getini, tamu na ya taratibu, ikasikika mpaka Muleba:

"Mwizi! Mwizi aje getini! Mbwa anamsubiri!"

"Ee Yesu na Maria!" mama akashtuka. "Mwanangu, mwizi gani huyo? Mmempata?"

"Bado, mama," Muganyizi akasema, akipandisha suruali. "Ndiyo naenda."